Maua ya barabara ya Magadi, na kile mama alikiona mimi sikukiona

Naishi Lang'ata, na kwa miaka kama sita hivi nilikuwa nikipita ile junction ya Bomas kila asubuhi nikienda kazi bila kujiuliza Magadi Road inaishia wapi. Kwangu ilikuwa barabara ya Rongai, yaani jam ya Rongai, matatu za Rongai, basi. Sikujua kwamba ukiifuata tu hiyo hiyo, upite Rongai, upite Kiserian, upande mpaka Corner Baridi kule nyuma ya vilima vya Ngong, ghafla dunia inafunguka mbele yako na unaanza kushuka Bonde la Ufa. Kutoka pale juu karibu mita 2,000 mpaka Ziwa Magadi kwenye mita 600 hivi, na ni kilomita mia na kitu peke yake kutoka mjini. Unatoka asubuhi na sweta, saa nne uko mahali unatafuta kivuli cha mgunga kama mbuzi.

Mara yangu ya kwanza kuipita ilikuwa kazi, Oktoba 2022, tunapeleka vifaa na gari ya ofisi, na sitaki kuongea sana juu ya siku hiyo. Ilikuwa ule ukame. Misimu minne ya mvua ilikuwa imepita bila mvua ya maana na wa tano ndio huo ulikuwa unaanza kukataa. Kutoka mahali panaitwa Olepolos kwenda chini ilikuwa vumbi na mizoga, ng'ombe wamelala kando ya lami, wengine bado wana macho. Dereva wetu alizima redio bila mtu kumwambia. Nilirudi nyumbani nikasema mimi barabara hiyo sirudi.

Halafu mvua ikaja, na si mchezo. Mwisho wa 2023 ilinyesha mpaka barabara za Nairobi zikawa mito. Mama alikuwa amekuja kutoka Ugunja, kwetu Siaya, kuonwa macho, yuko kwangu wiki ya tatu, na mtu aliyezoea shamba ukimfungia kwa flati gorofa ya nne anaanza kunyauka, nilikuwa naona. Asubuhi anasimama kwa balkoni anaangalia parking. Basi Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba, nikasema leo tunatoka, mimi, yeye na watoto wangu wawili, na kwa sababu kila mahali pengine kungekuwa na watu, nikajipata nasema Magadi. Tukachemsha mayai, tukapika chapati usiku, nikabeba jerikeni ya maji ya lita 20, nikaangalia spea iko na upepo, na Kiserian nikajaza tanki. Hiyo ya kujaza Kiserian nawaambia watu wote, usiende ukitegemea utapata mbele, na maji beba kuliko unavyodhani yatatosha, hata kama mnaenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Tulipopita Kiserian tukianza kupanda ndio nilianza kuona vitu vyeupe kwa nyasi pande zote mbili. Vingi. Nilikasirika kweli kweli, nikamwambia mama angalia watu, wanakula wanatupa tishu dirishani mpaka huku. Mama hakujibu. Baada ya kama kilomita moja akaniambia, "Nyathina," yaani mtoto wangu, "simamisha gari." Nikadhani anasikia vibaya. Akashuka polepole vile anashukanga akishika mlango, akaingia kwa nyasi, akainama, akarudi na tishu moja mkononi, kumbe ni ua. Jeupe pe, laini, limejikunjakunja kama karatasi ya kupangusa pua, limekaa chini kabisa ya nyasi bila shina la maana. Barabara yote ile niliyokuwa nalaani ilikuwa imepambwa.

Watoto wakashuka mbio, mimi nikatoa simu, na mama yeye akarudi palepale akaanza kuchimbua na kidole. Alikuwa hataki ua, alikuwa anataka mzizi. Akaangalia, akasugua, akasema, "Hii ni ndugu ya kayongo."

Kama hujakulia Siaya au upande ule wa ziwa labda hujui kayongo. Tanzania nasikia wanaiita kiduha. Ni mmea mdogo una ua la zambarau, zuri, mtu ambaye hana shamba akiliona anaweza kulichuma aweke kwa glasi. Mimi nilikuwa nalichuma nikiwa mtoto, nilichapwa. Kayongo haijisumbui kutafuta chakula yenyewe vizuri, inashika mzizi wa mahindi huko chini ya udongo kabla hata haijatoka juu, inanyonya, kwa hiyo siku unapoiona imechanua, mahindi yako yalishaliwa zamani. Na mbegu zake ni kama vumbi, mmea mmoja unaacha maelfu kwa maelfu, zinakaa kwa udongo zaidi ya miaka 10 zikingoja tu mtu apande mahindi. Mama alipigana nayo maisha yangu yote ya utoto. Tulikuwa tunaing'oa kabla ichanue tunaichoma kando ya shamba, mwaka unaofuata iko. Ilikuja kupungua baada ya yeye kufundishwa kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, ile njia iliyotoka kwa watafiti wa ICIPE, kile kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita, kwamba mizizi ya desmodiamu inafanya kayongo ishindwe kushika mahindi, halafu majani yake unalisha ng'ombe. Mpaka leo akiona mtu amepanda mahindi bila desmodiamu anamsimamia kwa boma lake anamweleza.

Nilienda nikasoma baadaye, na mama alikuwa sawa kabisa. Lile ua la tishu linaitwa Cycnium, ni jamii moja na kayongo, na lenyewe pia linanyonya mizizi ya nyasi, ingawa halimalizi nyasi vile kayongo inamaliza mahindi. Mtu aliyesoma mpaka darasa la saba alijua kwa kugusa mzizi. Lile moja nililoweka kwa dashibodi nipige picha vizuri tukifika, tulipofika chini lilikuwa limegeuka jeusi kama limechomwa. Hayo maua hayapendi kushikwa.

Pale Corner Baridi tukasimama tena, upepo unataka kubeba leso ya mama, na huko chini bonde lote liko kijani. Kijani! Mimi nilikuwa na picha ya Oktoba 2022 kichwani na nilishindwa kuongea kidogo. Mlima Olorgesailie unaonekana peke yake katikati, na barabara inashuka ngazi kwa ngazi, unashuka ukuta mmoja unafika tambarare, unashuka mwingine. Hapo kwenye kushuka nilifanya makosa ambayo niyaseme kwa sababu yanaweza kuua mtu. Nilikuwa naangalia maua, nimekanyaga breki muda wote, gari ni Vitz ya otomatiki, na baada ya muda mama akasema kitu kinaungua. Kweli, harufu ilikuwa imeingia ndani na pedali imeanza kuwa laini. Nikatoa gari kando tukakaa kama nusu saa mpaka ikapoa. Otomatiki pia unaweza kuishusha gia, weka kwa L, injini yenyewe inashikilia gari, breki unagusa tu mara moja moja. Hakuna mtu alikuwa amenifundisha, kwa sababu Nairobi hakuna mteremko wa hivyo.

Sasa, mbele kidogo ya Olepolos ukiendelea kushuka ndio tuliona shamba lote la zambarau. Si shamba la mtu kupanda, ni pori, lakini maua yamejaa mpaka miguu ya migunga haionekani. Vichaka vya kufika kiunoni, majani yana rangi ya kijivu hivi, na maua kama tarumbeta, mengine meupe mengine yamekolea, yote yana koo la zambarau iliyoiva. Sijawahi kuona kitu kama hicho Kenya na nimetembea. Nikawaambia watoto simameni pale, mama simama hapo katikati yao, na nikapiga ile picha ambayo baadaye niliiweka kwa mtandao, watu wa ofisi wakaniuliza ni Uholanzi au ni wapi. Kusema ukweli nilikuwa na furaha ya kulia. Nilifikiria wale ng'ombe wa kando ya lami, nikasema Mungu amerudisha, ona vile amerudisha.

Mama yeye alikuwa ameshika tawi anageuza jani. "Hii ni rabuon," akasema. Viazi vitamu. Akanionyesha ua, na kweli ukiangalia ua la kiazi kitamu na hilo ni ndugu wa tumbo moja.

Hapo ndipo mzee alitokea. Alikuwa na mbuzi kama kumi na fimbo na shuka jekundu, na amevaa buti za mvua za kijani. Nikamsalimia kwa Kimaasai, sopa, akaitika epa, akamsalimia mama kwa mkono, watoto wakainamisha vichwa akawagusa, walikuwa wamefundishwa na rafiki zao wa Rongai. Mimi ndio nikaanza kusema, mzee, hongera, kwenu kumekuwa kuzuri sana, haya maua ni baraka.

Akaniangalia, na hakukasirika, alinieleza tu vile unaelezea mtu wa mbali.

"Hii ikikuja, nyasi inaenda."

Mimi sikuelewa. Mama alielewa saa hiyo hiyo, niliona uso wake ukibadilika. Akauliza, "Ng'ombe inakula?" Mzee akasema ng'ombe haipendi, na hata ungetaka kuipeleka ng'ombe malisho hapo itakula nini, chini hakuna kitu. Akasukuma kichaka na fimbo tukaona. Chini ya maua yote yale udongo ulikuwa mwekundu, wazi, na vichuguu vya mchwa hapa na pale. Nilikuwa nimesimama hapo robo saa nikipiga picha na sikuwa nimeangalia chini hata mara moja.

Akasema zamani ilikuwepo lakini kidogo, hapa moja, kule moja. Ule ukame ulimaliza nyasi mpaka mizizi, mifugo iliyobaki ikakanyaga ikakwangua, udongo ukabaki uchi, na mvua ilipokuja kwa nguvu, hii ndio iliota kwanza ikakunywa maji yote, nyasi ikakosa pahali. Yeye alikuwa na ng'ombe 43 kabla ya ukame. Akabaki na sita. Alitaja hiyo namba akiangalia mbuzi, si sisi. Na hizo sita sasa ziko kwa ndugu yake mbali kwa sababu hapa, kwenye mahali hapa mimi naita baraka, hakuna cha kulisha.

Baadaye nilitafuta jina lake, Ipomoea hildebrandtii, na kumbe ni shida inayojulikana Kajiado miaka mingi. Hata si mgeni aliyeletwa, ni mmea wa hapa hapa, tatizo ni kwamba tumempa nafasi. Hiyo inaniuma zaidi kuliko ingekuwa imetoka ng'ambo.

Mama akauliza kama inang'oleka. Mzee akasema inang'oleka mvua ikiwa imenyesha, udongo ukiwa laini, ukishangoja kiangazi utavunja jembe. Amezungushia kipande kidogo miiba, cha ndama, hapo anang'oa yeye na bibi yake na wajukuu, kidogo kidogo. Na mama yangu, aliyetolewa Nairobi apumzike, mwenye dawa ya macho kwa mkoba, akafunga leso kiunoni akasema twende tuone.

Tulikaa hapo karibu masaa mawili. Sikupanga. Mzizi wake ni mnene, mgumu kama mbao, unashika shina chini kabisa, unatingisha kwanza, halafu mtu wa pili anapiga jembe kando, ndio inatoka. Mimi nilitoa labda kumi na tano na mikono ikawa na malengelenge. Mama sijui alitoa ngapi, yeye na bibi ya mzee walikuwa wanafanya kazi bila lugha, mmoja Kijaluo mmoja Kimaasai na Kiswahili cha kuokoteza, na walikuwa wanaelewana kuliko mimi na majirani zangu wa gorofa. Wakati fulani mama alianza kumweleza habari ya kayongo kwa mikono, hivi inashika mzizi, hivi inanyonya, na yule mama akawa anaitikia "ee, ee" na kupiga makofi ya uchungu. Tulikunywa chai ya maziwa ya mbuzi. Watoto walifundishwa kuita mbuzi.

Huko mbele kulikuwa na mengine ya kuona na tuliyaona lakini kwa haraka. Olorgesailie, watoto walitembea juu ya ile njia ya mbao wakaangalia mashoka ya mawe yaliyolala palepale yalipoachwa, mahali ambapo Mary na Louis Leakey walichimba miaka ya 1940, na udongo mweupe wa ziwa lililokauka kabla ya watu kuwa watu kama sisi. Njiani kuna ua jekundu lenye kingo za njano, limegeuza petali juu kama moto, kijana wangu akataka kulichuma na mama akamshika mkono kwa nguvu, hilo ni sumu kuanzia ua mpaka kiazi chake cha chini. Oltepesi, ile senta, nilijua siku hiyo kwamba ni jina la mgunga kwa Kimaasai. Magadi yenyewe joto lilikuwa limetuchosha, tukaona ziwa jeupe na waridi, tukala chapati ndani ya gari, tukageuza.

Kurudi ni kupanda, na tulipanda saa nane mchana, jua likiwa kichwani, AC imewaka, watu wanne. Taa nyekundu ikawaka kwa dashibodi. Nikasimama. Nilitaka kufungua redieta nimimine maji, ndiyo nilikuwa nimeona watu wakifanya, na kijana mmoja wa Probox akasimama bila kuitwa akanipigia kelele wacha, utaungua uso. Akaniambia ngoja saa nzima, fungua boneti tu, ikipoa kabisa ndio unaongeza, halafu ukianza kupanda zima AC, washa hita, ndiyo, hita, fungua madirisha, inatoa joto kwa injini. Tulifika Kiserian tukiwa tumeiva kama mahindi lakini tukafika. Yule kijana alikataa pesa, akachukua mayai mawili.

Februari iliyofuata nilirudi na rafiki yangu. Nyasi zilikuwa zimeshaanza kukauka na kwenye mawe kulikuwa kumechanua waridi la jangwani, ule mti mfupi mnene kama chupa, hauna jani hata moja na maua ya pinki yamejaa juu. Hapo nilifanya kitu ambacho bado kinanisumbua. Nilichimba mmoja. Mdogo, wa magoti, nikaubeba kwa gunia nikaupanda kwa chungu kwa balkoni. Nikaumwagilia kila jioni kwa upendo. Hauhitaji upendo wa hivyo, ni mmea unaokaa miezi na maji yake tumboni, na Juni baridi ya Nairobi ilipoingia ulianza kulainika chini, ukigusa kidole kinaingia. Sijui ulikuwa na miaka mingapi kwa lile jiwe lake. Nilimwambia mama kwa simu na akanyamaza, halafu akauliza, "Ulikuwa unataka nini nayo?" Sikuwa na jibu, na bado sina.

Juni hiyo hiyo, 2024, baada ya ile masika kali, nilienda kumtembelea mzee. Nilibeba sukari, majani ya chai na jembe mbili mpya mama alizotuma nizinunue. Nilikuwa nimepunguza mwendo kutoka mbali nikitafuta zambarau na sikuiona, nikadhani nimepita. Iliyokuwepo ilikuwa ya ng'ambo ya barabara. Upande wa mzee, lile boma la miiba lilikuwa limesogezwa mbali, kama mara tatu ya lile la Desemba, na ndani yake kulikuwa na nyasi za kufika magotini zinazolala na upepo. Vichaka vya maua vilikuwa vimebaki vitatu vinne kwa ukingo. Nilisimama hapo nikafurahi kuona maua yameisha, kitu ambacho mwaka mmoja nyuma nisingeelewa mtu akiniambia.

Nilijaribu kumpigia mama video na netiweki haikuwepo, kwa hivyo nikapiga picha. Ni nyasi tu. Hakuna mtu, hakuna rangi, nusu ya picha ni anga. Nilimtumia nilipofika Corner Baridi simu iliposhika. Akanipigia dakika hiyo hiyo, akaniuliza mzee anaendeleaje, bibi yake anaendeleaje, nilizifikisha zile jembe, na ng'ombe zimerudi kutoka kwa ndugu yake?

Nikamwambia zimerudi, zote sita, na ndama wawili.